Maana ya misemo ya Kilatini na nahau za Kiingereza zinazosikika nchini

MKAZI wa Eldoret aingiapo mahakamani, katika afisi ya ardhi au kwenye sherehe ya mahafali hukumbana na maneno ya lugha ambayo haina mzungumzaji wa kuzaliwa popote duniani. Lugha hiyo ni Kilatini. Ilifika Afrika Mashariki ikiwa imebebwa na mahakimu, wamishonari na walimu wa enzi za ukoloni, na ingali inatumika. Pamoja nayo zilikuja nahau za Kiingereza, ambazo maana zake hazipatikani kwa kujumlisha maneno yaliyoziunda.

Kutoelewa misemo hii kwaweza kumgharimu mtu haki au mali yake. Kwa mujibu wa sheria za Kenya, lugha ya Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufaa ni Kiingereza, ilhali mahakama za chini hutumia Kiingereza au Kiswahili. Kifungu cha 50 cha Katiba ya 2010 kinampa mshtakiwa asiyeelewa lugha ya kesi haki ya kupata mkalimani bila malipo. Hata hivyo, mkalimani naye hukwama pale wakili anapotamka Kilatini.

Ifuatayo ni baadhi ya misemo hiyo na ufafanuzi wake.

MAHAKAMANI

'Habeas corpus': Maana yake ya asili ni "uwe na mwili". Ni amri ya mahakama inayomtaka anayemzuilia mtu amfikishe mbele ya jaji na aeleze sababu za kumzuilia. Jamaa wa mtu aliyekamatwa asijulikane alipo huenda mahakamani kuomba amri hii. Kifungu cha 25 cha Katiba kinaiorodhesha miongoni mwa haki zisizoweza kuwekewa mipaka.

'Prima facie': Yaani "kwa mtazamo wa kwanza". Upande wa mashtaka ukishamaliza kuwaita mashahidi wake, mahakama hupima iwapo ushahidi huo, kabla ya utetezi kusikilizwa, unatosha kumfanya mshtakiwa ajitetee. Kuambiwa kwamba una kesi ya kujibu si sawa na kupatikana na hatia.

'Alibi': Neno hili humaanisha "mahali pengine". Ni utetezi wa mshtakiwa anayedai kuwa hakuwapo pahali pa tukio. Wengi hulitumia kumaanisha kisingizio chochote, jambo ambalo si sahihi katika lugha ya sheria.

'Nolle prosequi': Ni tamko la kutotaka kuendelea na mashtaka. Chini ya Katiba ya zamani, Mwanasheria Mkuu aliweza kusitisha kesi ya jinai kwa uamuzi wake mwenyewe. Msemo huu ulivuma mwaka 2005, wakati Mwanasheria Mkuu Amos Wako alipoondoa shtaka la mauaji dhidi ya Tom Cholmondeley kufuatia kuuawa kwa afisa wa wanyamapori Samson ole Sisina, na hasira ikazuka nchini. Katiba ya 2010 ilihamishia mamlaka ya mashtaka kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, naye haruhusiwi kuondoa kesi bila idhini ya mahakama.

'Locus standi': Yaani "mahali pa kusimama", haki ya mtu kusikilizwa na mahakama katika jambo fulani. Mwaka 1989, Wangari Maathai alienda kortini kupinga ujenzi wa jumba refu katika bustani ya Uhuru, Nairobi. Ombi lake lilitupwa kwa kuwa, kwa maoni ya mahakama, hakuwa na haki hiyo. Leo Katiba inamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani kutetea mazingira bila kuthibitisha kwamba yeye binafsi amepata hasara.

MISEMO KUTOKA THE HAGUE

Wakazi wa Uasin Gishu waliizoea misemo mingine kupitia redio wakati wa kesi zilizotokana na ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007.

'Proprio motu' humaanisha "kwa hiari yake mwenyewe". Kenya ndiyo nchi ya kwanza ambayo Kiongozi wa Mashtaka wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, wakati huo Luis Moreno Ocampo, aliomba kuichunguza kwa njia hiyo, bila kuletewa ombi na serikali wala Baraza la Usalama. Majaji walimruhusu Machi 31, 2010.

'Ne bis in idem' humaanisha "si mara mbili kwa jambo lile lile". Ni kanuni inayokataza mtu kushtakiwa tena kwa kosa ambalo limekwisha kuamuliwa. Majaji walipositisha kesi ya William Ruto na mtangazaji Joshua arap Sang mnamo Aprili 5, 2016, wengi wao waliamua kwamba uamuzi huo haukuzuia mashtaka mapya siku za usoni. Hivyo basi, kesi ilikoma lakini wawili hao hawakutangazwa kuwa wasio na hatia, na kanuni hiyo haikuwakinga. Walioshangilia na waliohuzunika siku hiyo walihitaji kuielewa tofauti hiyo.

SOKONI NA KATIKA ARDHI

'Caveat emptor': "Mnunuzi na ajihadhari." Msemo huu unamtwika mnunuzi jukumu la kuchunguza anachokinunua kabla ya kutoa pesa. Anayenunua ploti aghalabu hushauriwa kwenda kwenye sajili ya ardhi kuthibitisha jina la mmiliki na kama kipande hicho kimewekewa zuio. Waingereza wana nahau ya kununua nguruwe ndani ya mfuko, 'to buy a pig in a poke'. Waswahili husema kununua mbuzi kwenye gunia, na onyo ni lile lile.

'To carry coals to Newcastle': Newcastle ni mji wa Uingereza uliosifika kwa kuuza makaa ya mawe. Kuyapeleka huko ni kupeleka kitu mahali ambapo tayari kimejaa tele. Mkulima wa Eldoret angeelewa upesi zaidi akiambiwa kuhusu mtu anayepeleka mahindi Uasin Gishu kuyauza msimu wa mavuno.

'White elephant': Ndovu mweupe ni mradi ulioigharimu serikali pesa nyingi usilete faida. Husimuliwa kwamba wafalme wa Siam, ambayo leo ni Thailand, walimpa ndovu wa aina hiyo mtu waliyetaka kumfilisi, kwa kuwa mnyama huyo alikuwa mtukufu, hakufanyizwa kazi, na kumlisha kulikuwa ghali.

CHUONI

Chuo Kikuu cha Moi, kilichoanzishwa mwaka 1984, na Chuo Kikuu cha Eldoret, kilichopata hati yake mwaka 2013, havikosi Kilatini siku ya mahafali. 'Alma mater' ni "mama mlezi", yaani shule au chuo alichosomea mtu. 'Honoris causa' ni shahada itolewayo kwa heshima, wala si kwa kufanya mtihani. 'Viva voce', "kwa sauti hai", ni mtihani wa mdomo wa kutetea tasnifu. Na anayetafuta kazi huandika 'curriculum vitae', "mwendo wa maisha", ambayo kwa Kiswahili huitwa wasifukazi.

UWANJANI

'Citius, Altius, Fortius': "Kasi zaidi, juu zaidi, nguvu zaidi." Ni kaulimbiu ya Olimpiki, ambayo mwaka 2021 iliongezewa neno 'Communiter', yaani "pamoja".

'To jump the gun': Ni kukurupuka kabla ya bunduki ya kuanzisha mbio kulia, na kwa jumla ni kufanya jambo kabla ya wakati wake.

'To hit the wall': Kwa mwanamarathoni, ni kuishiwa na nguvu ghafla, mara nyingi baada ya kilomita 30, akiba ya sukari mwilini inapokwisha. Isichanganywe na kugonga mwamba, ambako ni kushindwa kwa mpango.

HATARI YA TAFSIRI SISISI

Baadhi ya nahau za Kiingereza zimepokelewa zikatulia katika Kiswahili, kama vile "machozi ya mamba" na "kujichukulia sheria mikononi". Nyingine huvuruga maana. 'At the end of the day' haihusu jioni. Kauli "mwisho wa siku", inayorudiwa redioni, ingefaa kuwa "hatimaye". Vivyo hivyo, mtu hachezi jukumu, bali hulitekeleza.

Kiswahili chenyewe hakina upungufu. 'Too many cooks spoil the broth' tayari ina mwenzake: manahodha wengi, chombo huenda mrama. Na 'once bitten, twice shy' ni yule aliyeumwa na nyoka, akiona ung'ongo hushtuka. Pale ambapo hakuna kisawe, kama ilivyo kwa misemo mingi ya mahakamani, mwananchi ana haki ya kumwomba wakili, karani au mkalimani amfafanulie kabla ya kuweka sahihi yake.