Mpeperuko: dawa inapovuka mpaka wa ukoka

Huko Marekani, kampuni nyingi zinazotunza ukoka wa majumbani hutumia mashine ambayo dereva wake husimama nyuma, juu ya kijukwaa kidogo, mikono ikiwa kwenye usukani. Mbele yake kuna pipa la mbolea ya chengachenga, na chini ya pipa kuna sahani inayozunguka kwa kasi na kuzirusha punje pande zote. Tangi la dawa ya maji limefungwa kwenye mashine hiyohiyo, pamoja na pampu na nozeli zinazoinyunyiza dawa ardhini. Uwanja ambao mtu mwenye bomba la mgongoni angeumaliza kwa nusu siku, mashine hii huumaliza kwa muda mfupi tu, kazi mbili kwa mpito mmoja.

Ndugu zetu waliohamia huko na kupata kazi hii hufundishwa mambo mengi ya usalama siku za mwanzo. Mengi yana Kiswahili chake tayari. Usishuke mtelemko mkali huku tangi likiwa nusu, kwa sababu maji yanayocheza ndani huivuta mashine upande mmoja na inaweza kupinduka. Vaa glavu, miwani, suruali ndefu na viatu vilivyofunika miguu. Osha glavu kabla ya kuzivua. Soma lebo, kwa kuwa chini ya sheria ya viuatilifu ya Marekani ya mwaka 1947, ambayo ilifumuliwa upya mwaka 1972, kutumia dawa kinyume cha lebo yake ni kuvunja sheria ya nchi. Yote haya mkufunzi Mswahili anaweza kuyaeleza bila kukwama. Anakwama kwenye neno moja ambalo kwa Kiingereza ni drift, na wengi hulimeza lilivyo na kusema dawa "imedrifti". Jambo lenyewe ni zito mno kuachiwa neno ambalo msikilizaji mgeni hawezi kulifungua na kuona kilichomo.

Mamlaka ya Kulinda Mazingira ya Marekani, EPA, hulieleza kuwa ni kusafiri kwa matone au vumbi la kiuatilifu hewani, wakati wa kunyunyiza au muda mfupi baadaye, hadi mahali ambapo hapakukusudiwa. Maelezo hayo yana vipande vitatu: njia ni hewa, wakati ni ule wa kazi au punde baada yake, na mwisho wa safari ni mahali pasipo pake. Neno la Kiswahili linalotafutwa libebe vyote vitatu, au angalau lisikipinge hata kimoja.

Kusambaa halifai. Kusambaza ndiyo kazi halali ya mashine hii. Ile sahani inayozunguka imewekwa isambaze mbolea. Ukimwambia dereva kwamba dawa imesambaa, atajibu kwa haki kabisa kwamba ndivyo alivyotumwa. Kuvuja nako kuna kazi yake: mpira uliochanika huvuja, na nozeli yenye uchafu hudondosha hata ikifungwa. Maji ya mvua yakiichukua dawa au mbolea kutoka kwenye saruji hadi mtaroni, huko ni kutiririka, na kuna sheria zake peke yake. Minnesota, kwa mfano, ilitangulia majimbo mengine kuzuia mbolea yenye fosforasi kwenye ukoka, na sheria yake inamtaka aliyemwaga mbolea juu ya njia ya saruji aiondoe. Ikizama ardhini hadi kwenye maji ya chini, hapo imepenya. Ukiyachanganya haya yote chini ya neno moja la jumla, mfanyakazi hajui azibe wapi.

Lililobaki ni peperuka, na kwa maoni yangu ndilo. Ni la ukoo mmoja na upepo, pepea na pepeta. Aliyewahi kushika ungo anajua kupepeta kunafanya nini: mchele unarudi pale pale, makapi yanachukuliwa. Dawa inayotoka kwenye nozeli hupepetwa vivyo hivyo. Tone kubwa hushuka lilikoelekezwa, tone dogo huenda na upepo. Mtu akishaelewa hivyo ameelewa zaidi ya nusu ya somo, na neno lenyewe ndilo lililomfundisha.

Tulitazame tone kwa karibu. Matone hupimwa kwa maikroni, na maikroni 1,000 ni milimita moja. Katika hewa tulivu, bila kuhesabu msukumo wa nozeli, tone la maikroni 400 hushuka nusu mita kwa takriban theluthi moja ya sekunde. Tone la maikroni 100 huhitaji karibu sekunde mbili kwa kimo hichohicho. Tone la maikroni 20 huhitaji zaidi ya nusu dakika, na mara nyingi maji yake hukauka kabla halijafika, ikabaki chembe ya dawa inayoelea. Sasa weka upepo wa kilomita 10 kwa saa, ambao ni karibu mita tatu kila sekunde. Kwa hesabu ya karatasi, tone la kwanza linaangukia ndani ya mita moja, la pili linaenda mita tano au sita, na la tatu linavuka ua, linavuka barabara, linaingia kwa mtu mwingine. Na kwa kuwa ujazo hukua kwa mchemraba wa kipenyo, tone moja la maikroni 400 lina dawa sawa na matone 64 ya maikroni 100. Dawa ni ileile na tangi ni lilelile. Kilichobadilika ni jinsi ilivyokatwakatwa.

Anayeikata ni nozeli pamoja na presha. Hapa ndipo dereva mwenye haraka anapoharibu. Akiona mashine inakwenda mbio na dawa haitoshi ardhini, huongeza presha. Lakini utokaji wa dawa haupandi sambamba na presha: ili nozeli itoe mara mbili, presha lazima iwe mara nne. Nozeli nyekundu, ambayo kwa utaratibu wa kimataifa wa rangi hutoa takriban lita 1.6 kwa dakika katika presha ya bari 3, ingehitaji bari 12 ili itoe lita 3.2. Kabla hajafika huko, dawa imeshageuka ukungu. Dawa ya jambo hili ni kupunguza mwendo au kufunga nozeli ya rangi nyingine yenye tundu kubwa zaidi. Zipo pia nozeli zinazovuta hewa na kuichanganya na dawa ndani yake ili matone yatoke makubwa, na kwa kazi ya ukoka ningependa kila mashine iwe nazo.

Kuna namna ya kuuona mpeperuko kwa macho, na ingefaa kila mkufunzi aioneshe. Zinauzwa karatasi za njano ambazo zikiguswa na tone la maji hugeuka buluu pale zilipoguswa. Tia maji matupu kwenye tangi, zipange karatasi upande upepo unakoelekea, moja kila baada ya mita moja, kisha pitisha mashine. Ya kwanza itajaa madoa makubwa yaliyoungana. Ya tatu itakuwa na madoa ya kuhesabika. Ya sita unaiinua ukidhani ni safi, mpaka unapoisogeza karibu na jicho na kuona vidoti vidogo vya buluu vimetapakaa kote. Mfanyakazi aliyeishika karatasi hiyo ya sita hahitaji kuhubiriwa.

Kuhusu hali ya hewa, watu hukosea upande usiotarajiwa. Kila mtu anajua asinyunyize kwenye upepo mkali, na lebo nyingi huweka kikomo cha karibu kilomita 16 kwa saa. Wachache wanajua kwamba utulivu kamili nao ni hatari. Mchana hewa iliyo karibu na ardhi huwa na joto, hupanda juu na kuyatawanya matone machache yaliyobaki. Jioni na alfajiri ardhi hupoa, hewa baridi hulala chini na hewa yenye joto huifunika kwa juu. Matone madogo hunaswa humo, hayapandi wala hayashuki, na kijiupepo kidogo kikija huyahamisha yote kwa pamoja hadi bondeni. Ukiona moshi au vumbi limetanda kama tabaka na halipandi, usinyunyize. Upepo mwepesi wenye mwelekeo unaojulikana, unaotoka kwenye vitu vya kulindwa kwenda kwingine, ni bora kuliko hewa iliyokufa.

Istilahi inapaswa pia kutenganisha aina mbili. Mpeperuko wa matone hutokea wakati nozeli ziko wazi. Mpeperuko wa mvuke hutokea baadaye, saa kadhaa au hata siku kadhaa, dawa iliyokwisha kutua inapofukuka kutoka kwenye majani kwa joto na kuondoka. Maelezo ya EPA niliyoyataja hayaujumuishi huu wa pili, lakini jirani aliyepoteza mimea hajali maelezo. Mwaka 2017 wataalamu wa magugu wa vyuo vikuu vya Marekani walikadiria kwamba takriban ekari milioni 3.6 za soya ziliathiriwa na dawa ya dikamba, na mabishano makali yalihusu swali hilohilo: je, ni matone au ni mvuke? Swali hilo lina uzito kwa sababu tiba ni mbili tofauti. Nozeli nzuri hutibu matone. Mvuke haujui nozeli. Unatibiwa kwa kuchagua dawa isiyofukuka kirahisi na kuacha kazi siku za joto kali.

Madhara yanawagusa watu wetu kwa namna ya pekee. Dawa kama 2,4-D, ambayo imetumika tangu miaka ya 1940, huua mimea ya majani mapana na kuyaacha majani ya jamii ya nyasi. Ndiyo maana inapendwa kwenye ukoka: magugu yanakufa, ukoka unabaki. Lakini sukuma wiki, mchicha, kunde na nyanya, mboga ambazo familia nyingi za Afrika Mashariki hupanda nyuma ya nyumba popote zilipo, zote ni za majani mapana. Kwa dawa hii hazina tofauti na gugu. Nyanya huumia kwa kiasi kidogo mno: vikonyo vinajisokota, majani machanga yanatoka membamba yenye mishipa iliyosimama sambamba. Dalili huonekana baada ya siku kadhaa, mashine ikiwa imeshaondoka zamani, na mwenye shamba hubaki akilaumu wadudu au mbegu.

Je, mpeperuko ni ubaya siku zote? Hapana, na istilahi nzuri lazima ikubali hilo. Nzige wa jangwani walipovamia Kenya mwaka 2020, katika wimbi kubwa kuliko yote yaliyoonekana nchini humo kwa miaka 70, ndege zilinyunyiza dawa kwa njia inayotegemea upepo. Katika njia hiyo dawa hukatwa makusudi kuwa matone madogo, ya maikroni 50 hadi 100, lita moja au pungufu kwa hekta, na upepo huachiwa uyapitishe juu ya kundi. Huko mpeperuko ndio chombo cha kazi. Kwa hiyo jina litaje tendo la kimaumbile tu, na pale linapodhuru tuongeze maneno: mpeperuko nje ya eneo.

Limebaki jambo la kisarufi ambalo naliona kuwa ndiyo roho ya suala lote. Kiswahili kinatupa peperuka na peperusha, na kati ya vitenzi hivi viwili kuna swali la nani anawajibika. Dawa ilipeperuka: hakuna mtu katika sentensi hiyo, kuna dawa na upepo tu. Dereva aliipeperusha: sasa mtu yupo. Kupeperusha tumezoea kukusikia kwa sifa, bendera inapopeperushwa au mgombea anapoitwa mpeperushaji bendera wa chama, lakini sarufi haijali sifa, na tendo hili lina mtendaji. Upepo ulikuwepo kabla ya dereva kufika, unapimika kwa kipimaupepo kinachoingia mfukoni, na yeye ndiye aliyechagua saa, nozeli, presha na mwendo. Napendekeza basi mpeperuko liwe jina la jambo katika vitabu na lebo, na kupeperusha kiwe kitenzi cha kazini, katika mafunzo na katika ripoti za ajali.

Kitenzi cha kazi nacho kiangaliwe. Wakulima wengi husema kupuliza dawa, na kwa bomba la injini linalosukuma dawa kwa hewa neno hilo ni sahihi. Kwa mashine ya ukoka ningesema kunyunyiza, kwa sababu anayefundishwa kupuliza hatashangaa akiona dawa inaruka. Maneno haya yana uwezo wa kuingia ofisini: kiuatilifu leo kimo katika jina la mamlaka ya serikali ya Tanzania, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu.

Uwanjani, msimamizi akiona ukungu unavuka ua, apaze sauti kwa neno moja: "Unapeperusha!" Dereva afunge nozeli kwanza, ndipo asimamishe mashine na kupima upepo. Kama umezidi kikomo cha lebo lakini bado hauzitupi punje nje ya ukoka, anaweza kuendelea na mbolea peke yake huku tangi likiwa limefungwa. Kisha aandike katika daftari la kazi saa, kasi ya upepo, mwelekeo wake, na upande ambao dawa ilipeperushwa, na mwenye nyumba ya upande huo aambiwe siku hiyohiyo, kabla hajachuma mboga.