Msafara wa Ibn Jubayr Waingia Akka

Mwaka 580H (1184M) Ibn Jubayr, Mwislamu wa Andalusia aliyekuwa akirejea kutoka Hija, alitoka Damascus na msafara wa wafanyabiashara kuelekea Akka, bandari iliyokuwa mikononi mwa Wafaranji. Na Salahuddin wakati huo yumo vitani nao!

Huko Tibnin watu wa Maghrib peke yao ndio waliotozwa ushuru, dinari moja na kirati. Kutoka hapo msafara ulipita vijiji na mashamba yaliyofuatana, wakazi wake wote Waislamu. Waliwapa Wafaranji nusu ya mavuno, na kila kichwa dinari moja na kirati tano. Nyumba zao waliachiwa. Kilichomuumiza Ibn Jubayr ni kwamba wakulima walio chini ya watawala wa Kiislamu walilalamikia dhulma, na hawa wakasifu uadilifu wa adui.

Mjini Akka msikiti mkuu ulikwishafanywa kanisa, ila sehemu ndogo wageni Waislamu waliachiwa waswalie.

Yeye alikata shauri: Mwislamu hana udhuru kukaa nchi kama ile isipokuwa mpita njia. Lakini al-Mawardi wa madhehebu ya Shafii (aliyefariki 450H) alikwishasema kuwa anayeweza kuidhihirisha dini yake, kubaki kwake ni bora, huenda wengine wakasilimu. Sisi tunaona kauli hii inawaelekea zaidi wakulima wale. Wangehama, ardhi wangemwachia nani?

Mwaka 583H (1187M) Salahuddin aliitwaa Akka, na Ijumaa ikaswaliwa tena katika msikiti ule.