Kuchagua godoro la kambini kwa ajili ya baridi ya mlimani

Mkazi wa Kata ya Levolosi, jijini Arusha, anayejiandaa kulala mlimani kwa kawaida hutafuta kwanza koti zito na mfuko wa kulalia. Godoro hukumbukwa mwisho, ilhali ndilo linalomkinga na baridi ya ardhini. Manyoya au nyuzi za mfuko wa kulalia hubanwa na uzito wa mlalaji, hewa iliyomo hutoka, na mgongo hubaki karibu bila kinga, hata kama mfuko wenyewe ni wa bei kubwa.

Jiji la Arusha lipo takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Kwa wastani, joto hushuka nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000 za kupanda. Hivyo Kambi ya Barafu mlimani Kilimanjaro, iliyo zaidi ya mita 4,600, huwa na baridi inayozidi ile ya mjini kwa nyuzi 20 au zaidi.

Si kila safari inahitaji godoro. Mpandaji wa Mlima Meru hulala katika vibanda vya Miriakamba na Saddle, vyenye vitanda na magodoro. Njia ya Marangu, Kilimanjaro, nayo ina vibanda. Njia za Machame, Lemosho, Umbwe na Rongai ni za mahema. Huko anayepaswa kuwa makini zaidi ni kijana anayepanda kwa mara ya kwanza akiwa mpagazi, kwani mara nyingi hutegemea vifaa alivyojinunulia mwenyewe.

Uwezo wa godoro kuzuia joto lisipotee hupimwa kwa thamani ya R: namba ikiwa kubwa, kinga ni kubwa. Tangu mwaka 2018 kipo kipimo cha pamoja cha kimataifa, ASTM F3340. Kabla ya hapo kila kiwanda kilipima kwa namna yake, hivyo namba iliyo kwenye godoro kuukuu la mtumba isilinganishwe na ya godoro jipya. Kwa usiku unaoshuka chini ya nyuzi sifuri, thamani ya 4 au 5 inafaa. Godoro la kujaza hewa lisilo na kitu ndani huwa karibu na 1 tu, hata likiwa nene, kwa sababu hewa huzunguka ndani yake na kuhamisha joto.

Thamani hizo hujumlishwa. Mkeka wa povu gumu wenye R 2, ukitandikwa chini ya godoro la hewa lenye R 3, hutoa R 5. Mkeka huo hautoboki na haunyonyi maji, na godoro la hewa likipasuka usiku, mlalaji hubaki na kitu chini yake. Sponji ya magodoro ya nyumbani haifai: hubanwa hadi kuwa nyembamba na hunyonya maji. Ni rahisi kuitambua dukani, kwani kipande chake kikikamuliwa ndani ya maji huyanywa, ilhali povu gumu huelea.

Godoro la hewa lililojazwa jioni hulegea usiku hewa inapopoa na kusinyaa. Kulegea huko si lazima kuwe dalili ya tundu; liongezwe hewa kabla ya kulala, hema likiwa limekwisha kupoa.