Siti binti Saad, mtunzi na mwimbaji wa taarab

SITI BINTI SAAD (takriban 1880 – 8 Julai 1950) alikuwa mwimbaji na mtunzi wa taarab kutoka Fumba, kisiwani Unguja. Ndiye mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kutoa santuri za biashara, na ndiye aliyeitoa taarab barazani kwa matajiri akaipeleka, kwa Kiswahili, kwa umma wa pwani nzima. Sauti yake imesifiwa sana. Utunzi wake umesifiwa kidogo mno, ingawa nyimbo alizozitoa yeye na wenzake ni miongoni mwa kumbukumbu bora zaidi za maisha ya watu wa kawaida wa Unguja katika miaka ya 1920.

Fumba

Baba yake alikuwa Mnyamwezi na mama yake Mzigua, wote wawili wa asili ya utumwa. Mtoto mwenyewe alipewa jina la Mtumwa. Siti ni jina la heshima alilolipata ukubwani. Utumwa ulipofutwa kisheria Unguja mwaka 1897 alikuwa msichana mkubwa. Hakusomeshwa shule wala chuoni. Alifunzwa na mama yake kazi ya ufinyanzi, akawa anabeba vyungu kichwani na kuvichuuza mjini huku akivinadi kwa kuimba. Waliomsikia walisimulia kwamba wateja walikuwa wakitoka milangoni kabla hajafika, kwa kuwa sauti ilimtangulia.

Aliolewa, akapata mtoto, akaachika.

Kuhamia mjini

Mwaka 1911, mwaka ule ule Sultani Khalifa bin Harub aliposhika kiti, Siti aliiacha Fumba akahamia mjini. Makazi yake yalikuwa Ng'ambo, upande wa pili wa hori kutoka Mji Mkongwe, mahali walipoishi wachukuzi, mafundi, wavuvi na watu wengi waliotoka katika utumwa. Huko alikutana na Ali Muhsin, mwanamuziki wa Nadi Ikhwan Safaa, chama cha taarab kilichoasisiwa mwaka 1905. Ali Muhsin alimfunza kuimba kwa mizani ya udi na fidla, na kumnyoosha matamshi ya Kiarabu. Siti hakujua kusoma, kwa hiyo kila kitu alikihifadhi moyoni.

Ikumbukwe taarab ilikuwa kitu gani wakati huo. Inasimuliwa kwamba Sultani Barghash aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888 ndiye aliyeuleta muziki huo kutoka Misri, akampeleka Mohamed Ibrahim huko kujifunza. Uliimbwa kwa Kiarabu, na wanaume, mbele ya jamaa wa kifalme na mabwana wenye nafasi. Wengi wa wasikilizaji wa Ng'ambo hawakuelewa neno. Siti aliimba Kiarabu vizuri, na Kihindi pia, lakini kazi yake kubwa aliifanya kwa Kiswahili. Kwa hatua hiyo mfinyanzi asiyejua kusoma aliigeuza sanaa iliyokuwa na wenyewe, na bado akaitwa kuimba katika jumba la Sultani.

Kundi lake lilikuwa na Subeti Ambari, Buda Swedi, Mbaruku na Maalim Shaabani.

Safari ya Bombay na santuri

Mwezi Machi 1928 kampuni ya His Master's Voice iliwasafirisha Siti na kundi lake hadi Bombay. Kampuni ilikuwa imekwisha kujijenga India, na wafanyabiashara wa Kihindi ndio waliokuwa wakiuza gramafoni katika miji ya Afrika Mashariki. Kilichokosekana madukani ni nyimbo ambazo wenyeji wangezinunua kwa hamu. Siti alizileta. Nyimbo zilizotoka katika safari za kurekodi kati ya 1928 na 1930 zilipita 100, na nakala zake ziliuzwa kwa makumi ya maelfu. Kampuni za Columbia na Odeon nazo zikaingia mbioni mara moja, na mwaka 1930 Odeon ilirekodi wanamuziki wa pwani mjini Mombasa.

Santuri ya wakati huo ilizunguka mara 78 kwa dakika, na upande mmoja ulibeba takriban dakika 3 tu. Taarab ya ukumbini haina haraka: ala hutangulia, mwimbaji huingia kwa utulivu, ubeti hurudiwa wasikilizaji wakitaka. Kuibana katika dakika 3 ni kazi ya utunzi, na santuri za Siti zinaonyesha kwamba kundi lake liliifanya kwa ustadi. Beti zimechaguliwa, kisa kinaanza papo hapo, wala hakuna neno la kujaza nafasi. Gramafoni moja katika mkahawa ilitosha kukusanya mtaa mzima, na watu ambao hawakupata kufika Unguja walizijua habari za Ng'ambo kama za kwao.

Utunzi

Kundi lilikutana nyumbani kwa Siti karibu kila usiku. Majirani walikuja kusikiliza na kuzungumza: nani kafikishwa mahakamani, nani kadhulumiwa, nani kaachwa. Mazungumzo yaligeuka beti, beti zikajaribiwa, nyingine zikaachwa, na asubuhi mji ulikuwa na wimbo mpya. Ni utunzi wa pamoja, Siti akiwa katikati yake. Hiyo ndiyo sababu waandishi wengi wamemwita mwimbaji tu, wakiliacha jina la mtunzi kwa walioshika kalamu. Mgawanyo huo haumtendei haki. Katika chumba kile ambamo kazi yote ilifanywa kwa mdomo na sikio, asiyejua kuandika hakupungukiwa na chochote.

Mfano mkubwa ni wimbo wa Kijiti. Unasimulia mauaji ya kweli ya mwanamke mjamzito, mgeni kutoka bara, aliyetoka na wenzake kwenda kustarehe usiku. Mtuhumiwa, Kijiti mwenyewe, alivuka bahari akakimbilia bara. Wanawake waliokuwa pamoja na marehemu walifika mahakamani kutoa ushahidi, na wao ndio walioadhibiwa. Wimbo unawataja watu kwa majina na kuuliza hukumu ya namna gani hiyo. Ulitungwa na kuimbwa chini ya utawala wa Kiingereza, katika zama ambazo wakazi wa Ng'ambo walikuwa wakigoma kulipa kodi ya viwanja, mgomo uliopamba moto mwaka 1928. Ushujaa wake hauhitaji kupambwa.

Nyimbo nyingine ni za mapenzi, na nyingine ni za majibizano. Wapinzani walimkejeli kwa sura yake na kwa kutoka shamba akiwa mfinyanzi. Jibu lake, lililobaki midomoni mwa Waswahili hadi leo, lilikuwa kwamba uzuri wa sura si hoja, na hasara ya mtu ni kukosa akili.

Kuhusu namna utunzi unavyohifadhiwa, mlinganishe Siti na Morfydd Owen wa Wales (1891–1918), mtunzi aliyefariki akiwa na miaka 26, akaacha miswada zaidi ya 200 ya muziki. Alisahauliwa kwa miongo mingi, lakini karatasi zilikuwepo: mwaka 2018 okestra ilizifungua London na kupiga Nocturne yake katika matamasha ya Proms. Utunzi wa Siti hauna karatasi za noti. Nchini Kenya, huko Uriri na kote Migori na Homa Bay, akina mama wa Kiluo waliotunga nyimbo za dodo na za maombolezo katika miaka hiyo hiyo hawakupata hata santuri. Nyimbo zilibaki kwa waliozirithi, majina ya watunzi yakapotea.

Wasifu

Mwandishi Shaaban Robert alizungumza na Siti mwishoni mwa maisha ya mwimbaji huyo na kuandika Wasifu wa Siti binti Saad, uliotoka kwanza katika jarida la Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki mwaka 1958, kisha kama kitabu mwaka 1967. Kitabu hicho kimesomwa na vizazi vya wanafunzi. Kinamtukuza Siti kwa maadili, subira na bidii; kuhusu jinsi nyimbo zilivyojengwa kinasema machache. Mtafiti Laura Fair, katika kitabu chake cha mwaka 2001, ndiye aliyezirudisha nyimbo mahali pake: mtaani, mahakamani na katika siasa za Ng'ambo.

Urithi

Mwimbaji Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, alijifunza nyingi za nyimbo zake kwa kumsikiliza Siti. Chama cha Wanahabari Wanawake Tanzania kililiita jarida lake Sauti ya Siti. Mwaka 2020 kitukuu cha Siti binti Saad, Siti Muharam, alitoa albamu ya nyimbo za bibi huyo, Siti of Unguja.