Kimanzi: mara tatu ndani, mara tatu nje

Wasee, Harambee Stars ikichapwa, hapa Makutano, Meru, wimbo ni ule ule: "Fukuza kocha!" Utausikia kwa kinyozi, utausikia stejini. Hata mimi nimeuimba. Lakini kabla tuuimbe tena, tukumbuke Francis Kimanzi.

Kimanzi ni zao la Mathare United, klabu iliyotoka kwa MYSA, ule mradi wa vijana wa mtaani waliocheza mpira na pia kusafisha mtaa wao. Alichezea Mathare, kisha akawa kocha hapo hapo, na 2008 klabu ikabeba ligi. Mpaka leo hiyo ndiyo ligi yake ya pekee.

Mwaka huo huo alikuwa na Stars pia. Kufuzu Kombe la Dunia 2010, kundi letu lilikuwa na Guinea, Zimbabwe na Namibia. Tulianza kwa kulala 2-1 kule Namibia, lakini nyumbani tuliwapiga wote watatu bila kufungwa hata bao moja. Pointi 10, tukaingia raundi ya mwisho. Desemba 2008 FIFA ikatuweka nambari 68 duniani. Maze, hatujawahi kupita hapo.

Januari 2009 tukafika fainali ya CECAFA kule Kampala, Uganda wakatufunga 1-0. Muda si mrefu Kimanzi akawa nje, akaletwa Mjerumani Antoine Hey. Raundi ya mwisho: mechi 6, pointi 3, tukashika mkia. Mechi ya mwisho na Nigeria, Hey hata hakuwa kwa benchi.

Kimanzi akarudi 2011. Mwaka uliofuata akatoka tena, akaja Mfaransa Henri Michel, ambaye hakukaa hata mwaka. Akarudi mara ya tatu 2019, na Novemba akatoka sare ya 1-1 na Misri kwao, Olunga akisawazisha. Oktoba 2020 tukaipiga Zambia 2-1 kirafiki. Mwezi haukuisha, kwaheri.

Sisemi Kimanzi ni malaika. 2012 Togo walitutoa kufuzu AFCON yeye akiwa kocha. Ninachosema ni kwamba kila akianza kujenga, sisi tunabomoa, halafu tunashangaa mbona hatuna nyumba. Alex Ferguson alifika Manchester United 1986, kombe la kwanza akalipata 1990. Angekuwa kocha wetu, angekuwa amefutwa mara ngapi?

2025 tulimleta Benni McCarthy, mchezaji mwingine aliyegeuka kocha, aliyebeba Champions League na Porto 2004. Kwa CHAN tuliwapiga Morocco, kisha Madagascar wakatutoa kwa penalti robo fainali. Watu walianza ule wimbo usiku huo huo.

Mimi sikuuimba. Wewe je?