Mwendo wa Meli na Bei ya Mafuta

Historia ya meli za makontena ni fundisho kwa kila mwenye dhamana ya kuhamisha watu na vifaa. Tarehe 26 Aprili 1956 meli Ideal X iling'oa nanga Newark, Marekani, ikiwa na makontena 58. Aliyeubuni mpango huo ni Malcom McLean, tajiri wa malori.

Mwaka 1969 kampuni aliyoianzisha, Sea-Land, iliagiza meli nane za kwenda maili 33 za baharini kwa saa, mwendo wa manowari. Wakati huo mafuta yalikuwa rahisi. Lakini baada ya vita vya Mashariki ya Kati vya Oktoba 1973, pipa lililouzwa kwa dola 3 hivi lilikaribia dola 12 mwanzoni mwa 1974. Meli zile zikageuka mzigo kwa wenyewe. Maji hayasukumwi bure: meli ikizidisha mwendo maradufu, injini yake huhitaji nguvu takriban mara nane; ikipunguza mwendo kwa sehemu moja ya kumi, huokoa zaidi ya robo ya nguvu hiyo.

Mwaka 1981 na 1982 Jeshi la Majini la Marekani lilizinunua zote nane. Katika Vita vya Ghuba vya 1990 na 1991 zilichukua vifaru na zana. Gharama iliyomshinda mfanyabiashara, jeshi liliona inastahili.

McLean naye, akiwa mwenye United States Lines tangu 1978, aliunda meli 12 kubwa za mwendo wa pole, akitumaini kuwa mafuta yatabaki ghali. Bei ikaporomoka mwaka 1986, madeni yakamwelemea, na mwezi Novemba kampuni ikafilisika.

Tangu 2008 makampuni mengi yamepunguza tena mwendo, ili kuokoa fedha na kupunguza hewa chafu. Julai 2023 mataifa yalikubaliana kufuta hewa hiyo katika usafiri wa baharini ifikapo 2050 au karibu na hapo.

Jambo hili si la mbali. Shehena ya Uganda, Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo hupita Mombasa na Dar es Salaam, na bei ya mafuta ya meli humfuata mnunuzi hadi bara.

Haraka haina baraka, lakini pole peke yake haikumwokoa McLean. Kabla ya kutoa mafuta, kamanda mwenye busara huuliza: mzigo huu unahitajika lini?