Chura wa Galvani, Maiti ya London na Kikombe Kinachochora

Mwaka 1746, mbele ya Mfalme Louis wa 15 wa Ufaransa, askari 180 wa ulinzi walisimama wameshikana mikono. Jean-Antoine Nollet, bingwa wa majaribio ya umeme wa zama zile, akawapitishia chaji iliyohifadhiwa ndani ya chupa. Wakaruka wote kwa mpigo mmoja. Ilikuwa burudani tosha ya ikulu, na ridhaa ya askari haikuwa sehemu ya mchezo.

Karne ya 18 ilipenda umeme namna hiyo: ushikike, uonekane, ushangaze. Huko Bologna, Italia, Luigi Galvani aliona miguu ya chura aliyekufa ikirusharusha ilipoguswa na metali. Mwaka 1791 alichapisha hoja yake kwamba mnyama ana umeme wake mwenyewe mwilini. Alessandro Volta wa Pavia akapinga. Kwake yeye, umeme ulitoka kwenye metali mbili tofauti zilizokutana penye unyevu, na chura alikuwa njia tu ya kupitia. Ili kumaliza ubishi, akamwondoa chura kabisa. Alipanga visahani vya fedha na zinki kama mnara, akitenganisha kila jozi kwa kipande kilicholoweshwa maji ya chumvi, na mwaka 1800 akaiandikia Royal Society ya London habari za mnara huo. Ndiyo betri ya kwanza. Galvani naye hakuwa amekosea kabisa, maana mishipa ya fahamu hufanya kazi kwa umeme hadi leo hii tunaposoma.

Mpwa wake, Giovanni Aldini, alizunguka Ulaya akiitetea hoja ya mjomba. Januari 1803 alikuwa London, na mwezi huo alinyongwa George Forster, aliyehukumiwa kwa kumuua mkewe na mtoto wao. Sheria ya Uingereza ya 1752 iliruhusu maiti ya muuaji ipelekwe kwa madaktari, kwa hiyo Forster alitoka kitanzini akafikishwa mezani kwa Aldini. Nyaya za betri zilipomgusa mdomoni na sikioni, taya lilitetemeka na jicho moja likafumbuka. Baadaye mkono wa kulia uliinuka ukiwa umekunja ngumi. Wapo waliodhani mtu anarudi duniani. Aldini hakudai kufufua wafu. Aliamini mbinu hiyo ingeweza siku moja kuwasaidia waliozama majini, na wazo hilo si la kuchekwa ukifikiria mashine za kushtua moyo zilizoko hospitalini leo. Ila suala la ridhaa ya marehemu sheria ilikwisha kulimaliza kabla hajafa.

Mary Godwin alikuwa na miaka 5 wakati huo, akilelewa London katika nyumba ya mwandishi William Godwin, ambamo mazungumzo ya sayansi hayakuwa mageni. Mwaka 1816, akiwa na miaka 18, alikuwa kando ya Ziwa Geneva pamoja na mpenzi wake Percy Shelley, mshairi Byron na daktari John Polidori. Mlima Tambora wa Indonesia ulikuwa umelipuka mwaka uliotangulia, majivu yake yakaharibu majira ya joto ya Ulaya, mvua ikawafungia ndani. Wakashindana kutunga hadithi za kutisha. Ya Mary ilichapishwa 1 Januari 1818, nakala 500, bila jina la mtunzi. Ni Frankenstein.

Sinema zimeipotosha sana riwaya hii. Watu wengi wanamjua jitu bubu mwenye vyuma shingoni. Kitabuni kiumbe huyo anajifunza mwenyewe kusema na kusoma, anatafuta wa kukaa naye, anafukuzwa kila anakokwenda. Aliyemuumba, Victor, alimkimbia usiku uleule alipofumbua macho, hata jina hakumpa. Mauaji yote yanafuata baada ya hapo. Ukisoma kwa makini, Mary anamlaumu Victor kwa kutoroka kuliko anavyomlaumu kwa kuumba.

Lawama hiyo ilikaa maktabani muda mrefu, huku masomo ya sayansi yakiendelea kufundisha mnara wa Volta bila kumtaja Forster. Mwaka 2013 watafiti Jack Stilgoe, Richard Owen na Phil Macnaghten waliandika kwamba ubunifu wenye uwajibikaji unadai mambo manne: kutazama mbele, kujihoji, kuwashirikisha wengine, na kuwa tayari kubadili njia. Maneno mazuri, lakini mtoto wa darasa la nne utamfundishaje?

Jibu moja lilikuja riwaya ilipotimiza miaka 200. Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona na mtandao wa makumbusho ya sayansi wa Marekani, kwa fedha za National Science Foundation, walitengeneza shughuli za mezani kwa ajili ya watoto na wazazi wao. Mojawapo ni roboti ya kuchora. Unapindua kikombe cha plastiki, unakifunga kalamu za rangi ziwe miguu, unaweka betri na mota ndogo yenye uzito upande mmoja. Mota ikizunguka, uzito unakiyumbisha kikombe, nacho kinatambaa karatasini kikiacha miduara. Hapo ndipo maswali yanapoingia. Picha hii kachora nani, wewe au kikombe? Kikivuka karatasi kikachafua meza ya watu, nani afute? Shughuli nyingine huwapa watoto vipande vya wanasesere mbalimbali waunge kiumbe kipya, na nyingine huwarudisha kwenye mnara wa Volta.

Kuna udhaifu. Kikombe kikichafua meza, hasara ni kitambaa tu, na mtoto anaweza kuondoka akidhani maadili ni maswali ya kupendeza yasiyo na gharama. Kwa maoni yangu, kisa cha Forster kingefaa kusimuliwa pale pale mezani, angalau kwa wakubwa.

Mwalimu wa klabu ya sayansi hahitaji makumbusho kuanza. Ndimu nne, misumari minne ya mabati na vipande vya waya wa shaba, vikiungwa kwa mfuatano, vinatosha kuwasha hafifu taa nyekundu ya LED. Lakini ndimu hizo zisirudi jikoni, kwa sababu zinki ya misumari imeyeyukia ndani yake. Kabla ya kuondoka, wanafunzi waulizwe watazitupa wapi, na nani anapita huko.